Barua kutoka Köln: Ndiyo Kamera Yenyewe Hiyo

Mjomba,

Salamu zako za sauti nimezipata zote, pamoja na ile uliyorekodi wakati kunaadhiniwa, kwa hiyo sehemu ya matusi sikuisikia vizuri. Nimeelewa kwamba ile picha niliyotuma kwenye kundi la familia, nimevaa koti na kikamera kinaning'inia kifuani, imeitisha kikao. Shangazi ameuliza kama kazi imeniharibikia huku. Binamu, ambaye ndiye bwana harusi nitakayempiga picha na ana kila sababu ya kuogopa, amejaribu kunitetea kwa kusema labda ile ni chaja.

Si chaja. Ndiyo kamera yenyewe. Ile kubwa nimeiuza.

Mambo haya hayaelezeki kwa sauti za dakika moja moja, tena mbele ya watu arobaini wa ukoo. Wewe ulikuwa na studio pale Ngamiani, Tanga, kabla mimi sijazaliwa, na mtu wa namna hiyo hajibiwi kwa kidole gumba. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na mizani. Canon 5D Mark III niliyokuwa nayo, ikiwa na betri, ilikuwa gramu 950. Lenzi yake ya kila siku, ya milimita 24 mpaka 70, gramu 805. Ile nyeupe ndefu ambayo binamu huiita bazuka, ya 70 mpaka 200, kilo moja na nusu kasoro gramu 10. Hapo ni kama kilo tatu na robo, bado flashi, bado chaja, bado mwavuli, na mwavuli hapa Köln si hiari. Mashirika mengi ya ndege yanakupa kilo 7 za mkononi. Toa kamera, toa kompyuta, inabaki nafasi ya soksi. Na orodha ya Shangazi ya kila Desemba unaijua, haina soksi hata moja.

Hii mpya ni Fujifilm X100F, mtumba, toleo la mwaka 2017. Gramu 469, betri ikiwa ndani. Ina lenzi moja ya milimita 23, imefungwa kiwandani na haitoki. Ukiilazimisha itoke, umeivunja.

Najua ulipokwama ni hapo kwenye "haitoki". Umesema kwenye sauti ya tatu kwamba kamera isiyobadili lenzi ni ya watoto wa shule wanaokwenda Amboni kutazama mapango. Sasa naomba niulize kwa adabu zote: ile Yashica Mat yako ya macho mawili, iliyowapiga picha nusu ya watu wa Tanga, lenzi yake uliibadilisha lini? Milimita 80, ilizaliwa nayo na bado inayo. Filamu ya 120, picha 12, mteja akifumba macho hasara ni yako. Uliyekuwa unasogea ni wewe. Pale sakafuni kulikuwa na alama za chaki: hapa anasimama wa pasipoti, hapa bwana na bibi, na familia yenye watoto wengi unarudi nyuma mpaka mgongo unaingia kwenye pazia la mlango na nusu ya mwili wako iko barabarani. Hakuna mteja aliyerudi kulalamika kwamba hukumvuta karibu. Mimi nimerudi kwako tu, Mjomba, na wewe unaniitia kikao.

Halafu ukubwa wa ile Canon, sehemu kubwa ni nyumba ya kioo. Nyuma ya lenzi kuna kioo kimelala mshazari, kinaupeleka mwanga juu ili jicho lako lione kile lenzi inachokiona. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, klaki, picha inaingia, kinarudi. Kwa kuwa kioo kinahitaji pa kurukia, lenzi za kuchukua eneo pana hulazimika kukaa mbali, na ili zikae mbali na bado zione vizuri zinaongezewa vioo na zinanenepa. Kiondoe hicho kioo, lenzi inasogea karibu kabisa na sensa inayonasa picha, inakuwa fupi. Na kwa sababu haitaolewa na kamera nyingine yoyote, mafundi wameichonga kwa ajili ya sensa hiyo moja. Shata nayo iko ndani ya lenzi, vijibati vinafunguka na kufunga, vilevile kama kwenye Yashica. Haina kelele. Wewe uliyehangaika na flashi mchana wa jua kali utanielewa: Canon ukiipitisha 1/200 ya sekunde inakupa picha yenye utepe mweusi, hii inakwenda 1/1000 na flashi bila kunung'unika. Haki isemwe: sensa yake ni ndogo kuliko ya Canon, na kwenye giza totoro Canon ilikuwa inaona zaidi. Lakini harusi za kwetu, kwa zile taa za ukumbini, giza totoro liko wapi?

Nikusimulie maisha ya kamera kubwa katika mji huu. Ukiinua bazuka kwenye tramu, abiria wote wanakaa kama wamefiwa. Mmama mmoja aliniuliza mimi ni wa gazeti gani, nilipomwambia si wa gazeti akakasirika zaidi. Wajerumani wana sheria ya haki ya mtu juu ya sura yake, ya mwaka 1907. Picha yako haisambazwi wala kuonyeshwa hadharani bila ridhaa yako, isipokuwa kwa mambo machache, kama kuwa ndani ya umati. Chanzo chake ni kisa ambacho wewe ungekipenda. Mwaka 1898 alifariki Bismarck, wapiga picha wawili wakaingia usiku chumbani alimolazwa, wakampiga picha maiti kwa mwanga wa magnesiamu wakitaraji utajiri. Wakaishia jela, na mjadala ukaendelea mpaka sheria ikatungwa. Wakati huo huo Tanga yetu ilikuwa chini ya Wajerumani, na babu zetu walipigwa picha kweli kweli. Sijasikia aliyeulizwa kama anaridhia.

Sheria ni ile ile kwa kamera kubwa na ndogo, naiheshimu, naomba ruhusa kabla sijamwonyesha mtu picha ya mwingine. Ila hii ndogo haiwashtui. Wanaidhania ni ya baba yangu, kitu cha ukumbusho. Wazee ndio wanaonijia wao wenyewe kuniuliza kama filamu zake bado zinapatikana.

Kilichoniamulia hasa ni Rosenmontag, Jumatatu ya kanivali yao, ambapo mji mzima unalewa kwa ratiba. Magari yaliyopambwa yanapita, watu waliovaa kama askari wa zamani wanarusha peremende na chokoleti kutoka juu, na umati unapiga kelele "Kamelle! Kamelle!" Si mashindano ya watoto, Mjomba. Nimeona mawakili na wahasibu wamegeuza miavuli juu chini ili kukinga. Mimi na kamera yangu mikono yote miwili ilikuwa kazini, mmoja umeshika mwili, mwingine umebeba bazuka. Chokoleti zikawa zinanipita kwenye masikio. Boksi zima likanipiga begani, likadondoka, likaokotwa na mtoto aliyevaa kama nyuki, akanitazama usoni huku akilifungua. Mwaka uliofuata nilikwenda na hii. Mkono mmoja unapiga picha, mwingine unadaka. Zile chokoleti mlizopata kwenye kile kifurushi mlidhani nimenunua.

Kabla ya kuchagua nilizunguka. Kuna Ricoh GR III, gramu 257, inaingia mfuko wa shati. Mzee wa Kijapani Daido Moriyama amezurura mitaani miaka mingi na kamera za jina hilo. Niliipenda, lakini haina kitundu cha kuchungulia, inabidi uinyooshe mbele kama simu, na flashi hawakuiweka. Leica Q3 nayo ina lenzi isiyotoka, imetoka 2023 kwa karibu euro 6,000. Kwa hela hiyo binamu angeoa, akatulia, akaoa tena. Nikaishia kwenye Fujifilm hizi, ambazo ya kwanza ilitangazwa hapa hapa Köln mwaka 2010, kwenye maonyesho ya Photokina. Balaa lake ni TikTok. Vijana wamezipandisha chati, ile X100V ya 2020 ikaadimika mpaka iliyotumika ikauzwa kwa bei ya kupita mpya. Ndiyo maana mimi nina ya nyuma yake. Aliyeniuzia alinihoji kama ninaposa bintiye.

Na kama bado unaona kidogo ni dhalili, nilipanda treni nikapita Siegen mpaka Wetzlar, kimji cha vilima na nyumba za mbao zilizoinama. Huko kwenye kiwanda cha hadubini cha Leitz alikuwapo fundi aitwaye Oskar Barnack. Alipenda kupiga picha akitembea milimani, lakini kamera za siku zile zilikuwa masanduku yenye sahani za vioo, na yeye kifua kilikuwa kinamsumbua, pumu. Akachukua filamu ya sinema ya milimita 35, akailaza ubavu, akatengeneza kamera ya kuingia mfukoni, na mwaka 1914 akapiga nayo picha kwenye uwanja wa Eisenmarkt pale Wetzlar. Vita ikaingilia. Ikaja kuuzwa mwaka 1925, baada ya Ernst Leitz kuamua kulibeba jambo ambalo wenzake walilitilia shaka. Leica ya kwanza hiyo, Mjomba, lenzi yake ilikuwa milimita 50, na ilikuwa haitoki! Za kubadilishwa zilikuja miaka mitano baadaye. Hivyo hizi kamera unazoziona leo zimejazana kila ukumbi, na ile filamu uliyokuja kuuza ya picha 36, asili yake ni mtu mmoja aliyechoka kubeba. Mwaka 2022 moja ya zile za majaribio, aliyoitumia Barnack mwenyewe, iliuzwa kwa mnada hapo hapo Wetzlar kwa euro milioni 14.4. Ni ndogo kuliko tofali. Mwambie Shangazi hiyo namba polepole.

Sitakuficha mapungufu, maana utayagundua mwenyewe. Uwanjani Mkwakwani siendi nayo. Kutoka jukwaani utaona nyasi nyingi na wachezaji wa Coastal Union bila kujua nani ni nani. Pia usiniambie nimpige mtu uso kwa karibu sana. Lenzi pana ukiisogeza usoni, kilicho mbele kinakua, na kilicho mbele kwa watu wa ukoo wetu ni pua. Bwana harusi nitampiga kuanzia kiunoni, ni kwa faida yake. Betri nazo ninabeba tatu.

Sasa harusi. Nimesikia mmeshatangaza mpaka Pangani kwamba mpiga picha anatoka Ujerumani, na kwamba watu wanategemea mtutu. Napendekeza hivi. Mkodini kijana yeyote wa mjini mwenye kamera kubwa, mbili kama anazo, na taa juu ya fimbo. Asimame mbele kabisa, apige kelele "tazameni huku", apande viti, azuie watu wasimwone bibi harusi, afanye kila kitu ambacho wageni wakikikosa wanasema harusi ilikuwa hafifu. Wote watamtazama yeye, mabega juu, midomo imebanwa, kama wanapigwa za kitambulisho. Na hizo picha mzichape kubwa mziweke sebuleni.

Mimi nitakuwa upande wa pili. Nitakuwa nyuma jikoni kwenye masufuria ya pilau, ambako kina mama wanasema ukweli kuhusu familia ya mume. Nitakuwa mlangoni wakati baba wa bibi harusi anajifanya anafuta jasho. Nitakuwa kwenye lile kundi la wajomba wanaohesabu michango upya. Hakuna atakayejipanga, kwa sababu hakuna atakayejua kwamba nimeanza kazi. Binamu alishasema ni chaja, namwomba awaambie na wengine.

Likibaki suala la heshima, nalo nimelifikiria. Begi la Canon halikupata mnunuzi, lile jeusi lenye maandishi makubwa na mikanda mingi mpaka mtu anaonekana anakwenda vitani. Nitashuka nalo Dar nimelivaa, nitaingia nalo Tanga, na siku ya harusi mnitafutie mtoto wa kunibebea ili wageni waone. Awe mwenye nguvu. Ndani kutakuwa na manukato ya Shangazi, mashine yake ya kusagia nyama, na zile sufuria mbili ambazo amesema zisipofika na mimi nisifike.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na bwana harusi mwambie asinyoe mwenyewe.

Mpwao,
Köln