Shemeji na Risasi ya 33

Kuna watu ambao ingetungwa sheria wasionyeshwe sinema za vita, na mmoja wao ndiye huyu anayelala kwenye kochi langu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi mpangaji, shamba sina, nikampa rimoti. Tangu hapo nyumba hii haijamaliza filamu.

Shemeji ni kaka yake mama watoto, mstaafu wa jeshi. Wastaafu wengine hukusimulia mapigano, wakakuonyesha na makovu. Huyu alikuwa mtunza ghala la silaha. Kazi yake ilikuwa kuhesabu: bunduki ngapi zimetoka, ngapi zimerudi, nani kasaini, risasi moja iliyopungua iko wapi. Pensheni humtoa mtu kazini, lakini kazi haimtoki mtu. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunajua kwamba steringi hafi. Mbele ya shemeji steringi anakufa kila dakika tano, tena hauawi na adui, anaishiwa risasi.

Alianza na Where Eagles Dare, ya mwaka 1968. Richard Burton na Clint Eastwood wamevaa sare za Kijerumani, wameingia ngomeni juu ya mlima wenye theluji, mambo yameharibika. Eastwood yuko kwenye korido, MP40 mkono huu, MP40 mkono ule, anamimina. Watoto wamesimama juu ya kochi wanashangilia. Shemeji akanyanyua kidole.

"Shemeji, simamisha hapo."

"Kuna nini tena, shemeji?"

"Magazini ya MP40 inachukua risasi 32. Ile inatema risasi kama 500 kwa dakika. Ukikaza kidole, hata sekunde nne hazifiki, imekwisha. Sasa huyu bwana kabadilisha magazini saa ngapi, na mikono yote miwili ina kazi?"

Watoto wakamtazama mjomba wao, kisha wakanigeukia mimi kana kwamba ndiye niliyetengeneza filamu. "Baba, kabadilisha saa ngapi?"

Nikasema vitani mtu hapati nafasi ya kujibu maswali. Tukaendelea. Kosa lingine likawa helikopta. Jenerali wa Kijerumani anatua ndani ya ngome kwa helikopta nzuri kabisa, imepakwa rangi za kijeshi. Shemeji akacheka kile kicheko cha mkaguzi wa mahesabu. Helikopta ile ni Bell 47, ya Kimarekani, iliyoruka kwa mara ya kwanza Desemba 1945. Ujerumani ilisalimu amri Mei mwaka huohuo. Yaani jenerali kapanda chombo cha adui ambacho adui mwenyewe alikuwa bado hajakirusha. "Kibali cha kukitoa kasaini nani?" akauliza. Hakuna aliyemjibu, na chai ilikuwa imepoa.

Mimi si mtu wa kukubali kirahisi, nikawatetea watengeneza filamu. Silaha za vita vilivyopita hazipatikani dukani. Vita ikiisha, vifaru vinayeyushwa vikawa vyuma chakavu, na anayetaka kupiga picha miaka 20 baadaye hana budi kuazima kwa jeshi lenye vifaru na njaa ya fedha za kigeni. Katika miaka ya 1960 jeshi hilo lilikuwa la Hispania. Ni kama suti ya harusi ya kuazima: unavaa iliyopo, na mikono ikiwa mifupi unaikunja.

Ndiyo maana Battle of the Bulge ya mwaka 1965 imejaa Wajerumani waliopanda M47, kifaru cha Kimarekani kilichotengenezwa baada ya vita, kimepakwa kijivu kikaambiwa kijifanye Tiger. Vita yenyewe ilipiganwa Desemba 1944 hadi Januari 1945, kwenye misitu na theluji ya Ardennes. Pambano la mwisho katika filamu linapiganwa kwenye uwanda mkavu wa Hispania wenye vumbi la kutosha kumpa mtu mafua. Miaka mitano baadaye ikaja Patton, nayo ikaenda kuazima kulekule. Humo jenerali anaonekana vitani katikati ya vifaru ambavyo kiwandani viliitwa Patton, kwa heshima yake, naye alifariki Desemba 1945 kabla havijatengenezwa. Nilimweleza shemeji nikidhani atacheka. Akasikitika. Alisema katika ghala lake kitu hakikuwahi kuandikwa jina la mtu ambaye bado anakitumia.

Kuna na sababu nyingine ambayo hata yeye aliikubali kwa shingo upande. Risasi za sinema zina baruti, hazina kichwa. Bastola inayojikoki yenyewe hutegemea nguvu ya risasi halisi kurudisha chuma nyuma na kuingiza risasi nyingine. Ukiipa baruti tupu, nyingi hugoma baada ya mlio mmoja. Colt ya Kimarekani ya mwaka 1911 ilisumbua sana kwa hilo. Katika The Wild Bunch ya mwaka 1969 bastola mnazoziona ni Star za Kihispania za milimita 9, zinazofanana nayo kwa sura na kukubali risasi za sinema bila ubishi. Hilo shemeji alilisamehe kwa sababu ni la kifundi. Ila hakusamehe ile bombomu inayotawala mauaji ya mwisho: Browning ya kupozwa kwa maji, ya mwaka 1917, katika hadithi inayotokea Mexico mwaka 1913. "Miaka minne kabla!" alipiga kelele. "Hata ghala la mbinguni halitoi kitu ambacho hakijapokelewa!"

Jirani akagonga ukuta.

Ugomvi wetu wa kweli uliletwa na Zulu, filamu ya mwaka 1964. Inahusu Rorke's Drift huko Natal, Januari 22 na 23, 1879: Waingereza kama 150 wamejificha nyuma ya magunia ya mahindi na masanduku ya biskuti, na Wazulu kati ya 3,000 na 4,000 wanawaendea. Ni filamu nzuri, sina ubishi. Mkuu Mangosuthu Buthelezi mwenyewe ndiye aliyeigiza kama babu yake wa ukoo, Mfalme Cetshwayo. Michael Caine bado kijana, anaongea kwa pua.

Shemeji akasimamisha filamu kabla hata jasho halijamtoka mtu. Silaha ya askari wale ilikuwa Martini-Henry, bunduki ya risasi moja moja: unashusha wenzo ulio chini, unatumbukiza risasi, unapandisha, unapiga, unaanza upya. Sasa tazama mistari ya nyuma, akasema. Akasogea hadi pua ikagusa kioo, akaonyesha kwa kucha. Kweli, askari kadhaa wa nyuma walikuwa wamebeba Lee-Enfield zenye magazini, bunduki ambazo jeshi lile lilianza kuzipokea mwaka 1895. Na bastola ya afisa? Webley ya mwaka 1915. Maafisa hawa wanapigana na wajukuu wa adui zao.

"Filamu yote ni uongo," akahukumu, akajiegemeza kama aliyefunga daftari.

Hapo uvumilivu ukaniisha, maana nami vitabu nimesoma viwili vitatu. Nikamwambia: shemeji, umekaa hapa unapekua vyuma, na uongo mkubwa umekupita mlangoni ukausalimia. Yule askari Henry Hook wanayemwonyesha kama mlevi na mtoro wa kazi, Hook wa kweli hakuwa akinywa pombe, na aliwatoa wagonjwa hospitalini moto ukiwaka, akapewa nishani ya Victoria Cross. Lee-Enfield haina watoto wa kuaibishwa, Hook alikuwa nao. Na ule wimbo wa mwisho, Wazulu wamesimama kilimani wanawaimbia Waingereza kuwasifu kwa ushujaa? Haukuimbwa. Walichoka, walikuwa wamepoteza mamia ya watu, na kikosi kingine cha Waingereza kilikuwa kinakuja, wakaondoka. Mtu aliyetoka kuzika nduguze hasimami kumpigia adui makofi.

"Hayo ni mambo ya hadithi," akajibu. "Mimi naongelea vifaa."

Haya, vifaa. Nikamuuliza kuhusu Wazulu wale walioko juu ya mlima wanaowapiga Waingereza kwa Martini-Henry. Filamu inasema wazi kwamba bunduki hizo zilitekwa Isandlwana, ambako mchana wa siku hiyohiyo Wazulu waliliangamiza jeshi la Kiingereza. Kutekwa, zilitekwa kweli, mamia. Lakini waliokwenda Rorke's Drift walikuwa vikosi vya akiba chini ya Mwanamfalme Dabulamanzi, ndugu wa mfalme. Walizunguka nyuma ya kambi, mapigano makubwa yakawapita, wakavuka mto na kwenda mbele. Zile bunduki mpya zilibaki Isandlwana, mikononi mwa waliozipigania. Hawa walikuwa na mikuki, ngao na magobore ya zamani, mengine makuukuu kiasi kwamba risasi zake zilivuka vichwa vya watu zikaenda zake.

Shemeji akanyamaza. Nilimwona macho yakihama kutoka kwenye kioo kwenda kwenye daftari fulani lililomo kichwani mwake.

"Kutoka Isandlwana hadi hapo umbali gani?"

"Kama kilomita 15."

"Na wao hawakupita ghalani?"

"Hawakupita."

"Basi hizo Martini kasaini nani?" Akasimama wima. Nimekaa naye muda sasa, sijamwona na hasira ya namna ile hata kwa helikopta. Ndipo akaona kile nilichokuwa nakitafutia maneno. Lee-Enfield nyuma ya mstari ni uhaba wa vifaa. Mtu kaazima, kafichaficha, yamekwisha. Lakini ukimpa Mzulu bunduki ambayo hakuwa nayo, umepunguza ushujaa wake na kuongeza wa mwenzake. Waingereza walikuwa na risasi kama 20,000 na asubuhi zilibaki kama 900. Upande wa pili watu walirudia kuyaendea magunia yale usiku kucha, wakiwa na chuma cha kufua wenyewe na gobore. Hilo ndilo kosa la silaha linalostahili kelele, na wajuzi wa bunduki wengi hulipita wakikimbilia kuhesabu magazini.

Nilidhani tumepatana. Matokeo yake sasa ana makosa ya aina mbili ya kusimamishia filamu, na watoto wamekuwa wanafunzi wake. Mama watoto akitazama tamthilia yake, jamaa akitoa bastola kumtishia mkwewe, wanaanza kuhesabu kwa sauti. Ikipita ya sita wanapiga kelele. Kwenye sinema za vita kelele ni moja tu: "Thelathini na tatuuu!"

Aliyemnyamazisha ni mtu mmoja, naye ni mama yake. Mama mkwe alikuja kutusalimia kutoka Kigoma, tukaweka The African Queen ya mwaka 1951, maana inahusu Afrika Mashariki ya Wajerumani na tuliona itamfaa. Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wanashuka mto kwa kijiboti kibovu, mwaka 1914, kwenda kuizamisha manowari ya Kijerumani ziwani kwa mabomu waliyoyatengeneza wenyewe. Wengi wanaiona meli ile kuwa kivuli cha Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika. Meli ikalipuka. Bibi akashusha kikombe.

"Hiyo si Liemba? Mbona nimeipanda mimi, na magunia yangu ya dagaa?"

Na ni kweli. Götzen haikuzamishwa na Bogart wala Mwingereza yeyote. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 walipoiacha Kigoma, wakaipaka grisi mitambo wakitumaini kurudi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina la Liemba. Shemeji alifungua mdomo. Nilijua anataka kusema kwamba mwaka 1914 meli ile ilikuwa bado haijashushwa majini, ilishushwa 1915. Mama akamtazama. "Unasemaje, mwanangu?" Akasema, "Hakuna kitu, mama. Filamu nzuri."

Bibi amerudi Kigoma, na amani ikapanda basi naye. Mama watoto ametangaza kwamba anayesimamisha filamu ananunua LUKU, na shemeji, ambaye pensheni yake anaijua hadi senti, ametafuta njia. Jana katangaza kwamba ameachana na vita vya bunduki. Jumamosi analeta filamu ya Waroma. Nikafurahi mno, nikamwambia upanga hauna magazini, safari hii tutafika mwisho.

"Tutafika, shemeji," akasema. "Ila uniangalizie farasi. Waroma hawakuwa na vikuku vya kukanyagia. Nikiona mguu wa mtu umeingia kwenye kikuku, LUKU nitanunua mimi."