Yai la Kibokoni Katika Maji ya Denver

Kwa Bibi yangu mpenzi, Kibokoni, Mombasa.

Najua, Bibi, kuwa umeketi juu ya mkeka wako, na kuwa Ami ndiye anayekusomea waraka huu, na kwa hiyo hatathubutu kuyaruka maneno yanayomhusu yeye. Mbele yangu mezani pana kisahani, na juu ya kisahani pana yai moja la kuku, jeupe kama kanzu ya Idi, nililolitoa katika friji saa ile nilipoishika kalamu. Tafadhali ulikumbuke yai hili mpaka mwisho, kwani ndilo lililonikalisha kitako kuandika.

Wajua, Bibi, kuwa wewe hukuwa na saa jikoni. Ile ya ukutani ilikuwa ukumbini, nayo ilikwenda ipendavyo. Yai la Babu, ambaye meno yake yalikuwa yamekwisha kumuaga moja baada ya moja, ulilitia majini maji yanapotokota, ukaanza kuisoma sura ya Tabaraka kwa sauti ya chini huku ukiipepea seredani, na ulipofika mwisho ukaliopoa kwa kata, ute umeshikana barabara na kiini kingali kikienda kama samli wakati wa kaskazi. Mayai yetu sisi watoto, pamoja na yale ya masurufu ya gari la moshi, yaliyofungwa na chumvi na pilipili manga katika kipande cha gazeti, hayo yalikuwa ya Yasini, nayo yalitoka magumu hata mtu angeweza kuyachezea gololi, na kila kiini kimezungukwa na duara la kijani ambalo wewe uliliita wanja wa yai. Nimesoma huku kuwa wanja huo ni madini ya chuma yaliyomo katika kiini yakikutana na salfa iliyomo katika ute, moto ukizidi. Lakini jina lako ni zuri zaidi, na mimi nitaendelea kulitumia.

Namkumbuka Ami siku moja akisimama mlangoni pa jiko, kofia yake ya vito imelala upande, akasema kuwa maneno matukufu hayakuteremshwa yawe kipimo cha mayai. Nawe, bila ya kugeuka, ukamjibu kuwa wewe hukusoma kwa ajili ya yai, na ungesoma vivyo hivyo hata lau sufuria ingekuwa tupu, ila ni yai ndilo lililopata bahati ya kupikwa na mtu asomaye. Ami akaenda zake. (Alirudi baadaye kidogo, Bibi, akala lake, la Tabaraka. Msomee na hapo, Ami.)

Basi nilipofika katika mji huu wa Denver, jimbo la Colorado, nikapanga pamoja na kijana wa Kimarekani mwenye tabia njema na maarifa haba ya upishi, nilimkuta akitokosa mayai yake kwa king'ora cha simu, nami nikaona ni wajibu wangu kumtoa katika giza hilo. Nilimhadithia jiko letu, na seredani, na hikima ya wazee wa pwani ambao hawakuhitaji king'ora, nikamwalika asubuhi ya Jumamosi, nikatandika kitambaa. Maji yalipotokota nikatia mayai mawili, nikaisoma Tabaraka kwa mwendo ule ule ulionifundisha, ambao kwa saa ni dakika 6, nikayaopoa, nikaliweka langu katika kikombe chake, na mbele ya mgeni wangu nikalipiga kichwani kwa kijiko na kukiinua kile kifuniko cha kaka kwa madaha yote ya mtu afunguaye sanduku la bibi harusi.

Lahaula! Ute ulitoka kama maji ya kuoshea mchele, ukashuka juu ya kikombe, ukapita kitambaani, ukaitafuta suruali yangu na ukaipata. Na nyuma yake kikaja kiini, kizima, kimeviringana, kikatua mezani kikanikodolea. Mwenzangu, kwa adabu ya watu wa huku, alisema kuwa vyakula vya kwetu vina mengi ya kumfunza mtu. Kisha akakaanga lake.

Sikulala vyema usiku ule. Kwanza nilijituhumu mwenyewe, nikadhani kuwa nimeruka aya. Nikairudia Tabaraka yote, haikupungua neno. Kisha nikamtuhumu kuku wa Kimarekani, ambaye hajapata kutembea kichochoroni wala kufukuzwa na mtu. Hatimaye nikaituhumu sufuria, na katika hili, Bibi, nina wenzangu watu wakubwa: mwaka 1835 mwanachuoni Charles Darwin, akiivuka milima ya Andes, alilala mahali ambapo viazi vilikaa motoni usiku kucha, vikachemshwa tena asubuhi, na bado havikuiva, na wale wenziwe wawili wa safari wakafanya shauri na kuamua kuwa sufuria hiyo, kwa vile ilikuwa mpya, imekataa kwa makusudi kupika viazi. Yangu nayo ilikuwa mpya.

Hapo ndipo nilipompigia simu mwana wa Ami, aliyeko Nairobi. Wakumbuka jinsi tulivyomcheka kila Idi aliposhuka pwani akalalamika kuwa maharagwe ya huko hayataki kulainika na mayai yana inadi? Wakumbuka tulivyosema kuwa ni uvivu, na kuwa bara imemharibu, na kuwa mke ndiye dawa? Nilipomsimulia habari ya suruali alicheka mpaka akapaliwa, nami nikakisikia kikohozi chake chote kwa gharama yangu. Kisha akasema maneno mawili tu, "Karibu bara," akakata.

Siku ya pili nilinunua kipimajoto cha jikoni, nikakitia katika maji yanayotokota kwa ghadhabu zote, mapovu yakipanda na kifuniko kikicheza, na kipimajoto kikasema 203. Nilirudi nyuma hatua tatu. Nilidhani kuwa maji ya watu hawa yana moto maradufu ya maji ya Mombasa, na nikashangaa vipi yai lilitoka bichi katika jahanamu ile, mpaka mwenzangu aliponieleza kuwa kipimo cha huku ni cha Fahrenheit, ambamo maji ya pwani hutokota kwa 212. Na hiyo 203, ukiifasiri kwa hesabu yetu, ni digrii 95 za Selsiasi, ilhali maji yako hapo Kibokoni hayaanzi kutokota mpaka yafike 100.

Sababu yake, kama nilivyoifahamu, ni hii. Hewa ina uzito, nayo huyalalia maji kama kawa lilivyofunika sinia. Sisi wa kisiwani tunaishi chini kabisa ya hewa yote, ukingoni mwa bahari, kwa hiyo maji ya sufuria yetu yamebebeshwa mzigo mzima, na hayawezi kuinuka na kuwa mvuke mpaka yamekusanya joto la kutosha kuutikisa mzigo huo. Bali mtu akipanda bara, hewa juu yake hupungua, kawa huwa jepesi, na maji hufurukuta mapema kabla hayajapata moto wa kweli. Kwa kila mita 300 hivi za kupanda, kutokota kwashuka kwa digrii 1. Laiti mtu angebeba sufuria yake inayochemka katika gari la moshi, kutoka Mombasa hata Nairobi, ambako ni juu kwa mita kama 1,700, angeyaona maji yakipoteza adabu kituo baada ya kituo: Voi kidogo, Mtito Andei zaidi, na Nairobi yenyewe mapovu matupu. Yai halijui mapovu. Yai lajua joto.

Denver nayo yajisifu kuwa iko juu ya bahari maili moja kamili, yaani mita 1,609, na maneno hayo yamechongwa juu ya daraja moja ya ngazi za jumba la serikali ya jimbo, upande wa magharibi. Nilikwenda kuiona, maana nilitaka kusimama mahali palipoliharibu yai langu. Yamechongwa katika daraja ya 15. Lakini mwaka 1969 walipima tena wakaona maili hasa ni daraja ya 18, wakaweka alama ya pili. Na mwaka 2003 wakapima mara ya tatu, ikawa ya 13. Nilizisimamia zote tatu, ili nisikose. Na watu hawa, Bibi, waliotafuta maili moja juu ya ngazi yao wenyewe kwa miaka zaidi ya thelathini, ndio wanaoniuliza kwa nini sitii mayai king'ora.

Hata hivyo mwinuko si mwizi mkubwa. Mwizi mkubwa ni friji. Mayai yako hukaa katika tunga, jikoni, na kwa hali ya hewa ya Mombasa huingia majini tayari yana joto la digrii 28, nusu yamekwisha kuiva kwa ukaazi. Ama haya ya huku huoshwa kwa maji na dawa kabla ya kupelekwa sokoni, na kuosha huko huuondoa ule utando mwembamba ambao kuku huyapaka mayai yake yanapotoka, uzibao maelfu ya vitundu vya kaka, hata yai likabaki kama nyumba iliyong'olewa madirisha, na kwa hiyo halina budi kuwekwa baridini maisha yake yote. Likitolewa, wasemao husema lisikae nje kupita saa mbili. (Hili la kisahani limeshakaa saa moja na robo, na mwenzangu amepita mara mbili akilitazama kama mtu atazamaye mtoto aliyeketi dirishani.) Mwalimu mmoja wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, jina lake Charles Williams, ameandika hesabu ya kuiva kwa yai, nami nimeipiga kwa ajili yako: ikiwa yai la Mombasa limetoka sawasawa kwa dakika 6, basi mwinuko wa Denver wadai dakika 1 na kidogo, na baridi ya friji yadai dakika 4 nyingine. Jumla ni 11. Nimelijaribu, nayo hesabu ni kweli.

Kwa hiyo kipimo chako hakina taksiri hata chembe. Kiliwekwa kwa bahari, na kwa tunga, na mimi nikakipandisha mlimani bila ya kukiuliza.

Wapo wanaofanya makubwa zaidi. Mwaka 2025 wataalamu wa Naples, Italia, walitangaza njia ya kuupika ute na kiini kila kimoja kwa kadiri yake ndani ya kaka lake, nayo ni kuwa na sufuria mbili, moja ya maji yanayotokota na moja ya maji ya digrii 30, ukalihamisha yai kutoka hii hadi ile kila dakika 2, mara baada ya mara, kwa dakika 32. Nilipiga hesabu: kwa mwendo wangu Yasini ni dakika 13, kwa hiyo yai la Naples ni Yasini mbili na Tabaraka moja, halizidi wala halipungui, isipokuwa msomaji awe na mikono ya mchezaji karata. Na hayo maji ya digrii 30 wanayoyaita ya kupoza, hapo kwetu ndiyo tunayoyaita ya bombani, siku yanapotoka. Sikulijaribu. Yai la dakika 32 ni yai la mtu asiye na njaa.

Lililonishughulisha mimi ni jingine. Yai la friji lahitaji dakika 11, ambazo Tabaraka haizifiki na Yasini yazipita, na mara mbili nimeishia kupata wanja nisioutaka. Ndipo nilipofikiri: nikilitoa yai mapema, likakaa mezani mpaka baridi ikalitoka, deni la friji limelipwa, na linalobaki ni la mwinuko peke yake, yaani dakika 7 na kidogo, na Suratul Waqia, kwa mwendo wangu, ni dakika 7 na nusu. Tena wewe mwenyewe ulinifunza kuwa Waqia husomwa kwa ajili ya riziki, na yai ni riziki. Lakini sipendi kubadilisha kanuni ya nyumba bila ya idhini ya mwenyewe, na ndiyo sababu ya barua hii: naomba ruhusa nihamie Waqia kwa muda nitakaokuwa huku juu, na nikirudi, inshallah, nitairejesha Tabaraka pale pale Kibokoni.

Nawe Ami, mtake radhi mwanao kwa niaba yetu sote, kwa habari ya maharagwe, na ile ya mke.

Yai lilitoa jasho kaka zima kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege wa Moi mwezi wa Februari, na sasa limekauka. Nimelitia shavuni, halina baridi tena. Maji yametokota kwa digrii zake 95. Mwenzangu amekwisha keti mezani, ameshika kijiko, na amevaa koti la mvua.

Naweka kalamu, nianze kusoma.

Mjukuuwo akupendaye.