Namna ya Kulizika Bwawa la Kuogelea kwa Heshima Zote

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba wa Mbezi Beach, Masaki, Oysterbay au kokote jijini Dar es Salaam ambaye huko uani, kati ya simtanki na kamba ya kuanikia nguo, ana shimo la zege lililopambwa vigae vya buluu. Enzi zake liliitwa bwawa la kuogelea. Siku hizi wenyeji wakilitaja husema "kule nyuma", kisha hubadilisha mazungumzo.

Kama unalo, pole sana. Kama hunalo ila unaweka akiba ya kulijenga, soma hadi mwisho halafu upige hesabu upya. Taratibu za msiba kila mmoja wetu anazijua, kwa hiyo ndizo tutakazozifuata.

Hatua ya 1: Hakikisha limekufa kweli

Wapo wanaokimbilia kuzika bwawa lililozimia tu. Lililozimia bado lina pampu inayonguruma, mtu wa kulisafisha, na angalau mtoto mmoja anayepiga kelele humo kila Jumamosi. Lililokufa lina dalili zake. Ndoo ya klorini sasa inahifadhi mkaa. Ngazi ya chuma inaanikiwa madekio. Chujio lilifunguliwa na fundi aliyesema "narudi kesho", na kesho yenyewe haijafika. Ukiuliza watu waliogelea lini mara ya mwisho, utajibiwa, "Siku ya kipaimara cha dada," na dada huyo sasa ana watoto wawili wanaokatazwa kusogea huko.

Katazo hilo lina sababu, na hapa utani tuuweke pembeni kidogo. Maji yasiyotiwa dawa wala kuzungushwa hugeuka kijani, sakafu haionekani tena, na mtoto akitumbukia, hata mtu mzima aliyesimama ukingoni anaweza asimwone. Mbu naye anahitaji wiki moja hadi mbili tu kutoka yai hadi kuruka. Jiji hili lilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019. Halihitaji mchango wa uani kwako.

Hatua ya 2: Watangazie wafiwa

Itisha kikao cha familia. Usitegemee kwamba wote watakubali.

"Bwawa lile ndiyo hadhi ya nyumba hii," atasema baba.

"Baba watoto, hadhi yenyewe imejaa vyura," atajibu mama, ambaye hakulitaka tangu siku ya kwanza na amekuwa akisubiri kikao hiki kwa utulivu wa ajabu.

Mwache baba alie. Bwawa lilijengwa kwa ajili ya wageni: ndugu kutoka mkoani apigwe butwaa, bosi wa ofisini apigie picha, wakwe waelewe wamefika nyumba ya namna gani. Basi, wageni wameshaliona. Hakuna anayerudi kulitazama mara ya pili. Waliokuwa wakirudi kila mwezi ni bili ya maji, umeme wa pampu na bei ya dawa.

Kwenye kikao hichohicho wasikilizwe warithi wawili wanaolitaka shimo likiwa zima, maana nyundo ikishaanza hawatakuwa na chao.

Wa kwanza ni samaki. Perege wakilishwa vizuri hufikia saizi ya kikaangoni kwa takriban miezi 6 hadi 8. Sharti klorini iwe imekwisha kabisa, kwa sababu inaua samaki, na awepo mtu wa kuwalisha na kuyatazama maji kila siku. Mtu huyo si yule kijana wako aliyesema kikaoni, "Mimi nitawahudumia." Kijana huyohuyo ndiye aliyeapa kulisafisha bwawa.

Wa pili ni maji ya mvua, na huyu ana hoja nzito. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 200, basi, hupokea lita 200,000, ambazo kila mwaka unazitazama zikikimbilia kwa jirani. Weka gata, ziba nyufa, mwite mhandisi akupigie hesabu ya zege la kufunika juu pamoja na mfuniko wenye kufuli, na hapo hutakuwa na msiba. Utakuwa na tangi la chini ya ardhi. Kama zege hilo limekushinda bei, endelea na maziko. Tangi lisilo na mfuniko ni lile lile bwawa, limebadilishwa jina tu.

Kikao kikiisha, pita ofisi ya serikali ya mtaa, uliza halmashauri kama kazi yako inahitaji kibali, na uwaambie majirani. Malori yakishaanza kuziba njia, salamu zitakuwa zimechelewa.

Hatua ya 3: Ondoa maji, ila angalia kalenda

Tuchukue bwawa la kawaida: urefu mita 10, upana mita 5, kina mita 1 upande wa watoto na mita 2 upande wa wanaojiamini. Wastani wa kina ni mita 1.5, kwa hiyo ujazo wake ni mita za ujazo 75, yaani lita 75,000. Hizo ni simtanki 75 za lita elfu moja, au ndoo 3,750 za lita ishirini kwa anayetafuta mazoezi.

Kama bado lina klorini, liache wazi juani siku kadhaa, kisha yanyonye maji kwa pampu taratibu na kuyasambaza mahali ardhi inapoweza kuyanywa. Ukiyafungulia yote barabarani usiku wa manane, asubuhi mtaa mzima utajua ni nani, kwa sababu mtaa mzima unajua nani ana bwawa.

Jambo ambalo mafundi wengi hawatakuambia ni kwamba bwawa tupu huelea. Zege lenye unene wa sentimita 20 kwa bwawa letu la mfano lina uzito wa tani 45 hivi. Wakati wa masika, kwenye viwanja vya karibu na bahari, maji ya ardhini hupanda. Yakifika karibu na ukingo, yanalisukuma shimo hilo juu kwa nguvu inayozidi tani 90. Miaka yote hiyo maji ya ndani ndiyo yaliyokuwa yamelikalia. Ukiyatoa Aprili, unaweza kuamka ukute bwawa limenyanyuka na kupasuka, limekata mabomba na kuinua sakafu ya baraza. Fanya kazi hii kati ya Juni na Septemba, na maji yakishaisha sakafu itobolewe siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Vunja

Sasa anaingia fundi, amevaa kandambili, akifuatwa na saidia fundi wawili, sururu, tindo na nyundo ya kilo nyingi. Atalizunguka bwawa mara moja, atatema mate pembeni, kisha atatoa hukumu.

"Bosi, hii kazi ndogo. Tunamwaga kifusi, tunasawazisha, kesho kutwa unapaki gari juu."

"Na maji ya mvua, fundi, yataenda wapi?"

"Yatakauka tu, bosi."

Hayatakauka. Bwawa lilijengwa lisivuje, na kazi hiyo huenda ndiyo pekee iliyofanywa vizuri kwenye nyumba yako. Ukilijaza udongo bila kutoboa sakafu, umejitengenezea kinamasi cha siri. Masika ya kwanza udongo utalowa hadi juu, gari litazama hadi kwenye ringi, na fundi hatapatikana kwa simu.

Kwa hiyo, sakafu itobolewe matundu mapana, karibu nusu mita kila moja, yakisambazwa sakafu nzima na hasa upande wenye kina kirefu. Kuta zivunjwe kuanzia juu kushuka chini, angalau sentimita 60 hadi mita moja, ili jembe lisigonge zege kila utakapotaka kupanda mche. Nondo zikatwe, wala zisikunjwe na kufukiwa. Usihangaike kutafuta mnunuzi: wa vyuma chakavu atakuwa getini kabla vumbi halijatua. Vipande vya zege vipondwe vidogovidogo na kulazwa chini kabisa. Vigae vya buluu viende navyo, hata kile ambacho baba anakishika mkononi akisema kilitoka Italia.

Ukiwa na fedha, ng'oa kila kitu, zege lote litoke. Hiyo ndiyo njia ya lazima kwa anayewaza kujenga nyumba hapo baadaye. Kwa bustani au maegesho, kutoboa na kuvunja sehemu ya juu kunatosha.

Hatua ya 5: Kifusi

Shimo la mita za ujazo 75 haliridhiki na udongo wa mita za ujazo 75. Udongo ukishindiliwa hunywea, kwa hiyo andaa kama 90. Lori la tani 7 hubeba mita za ujazo 4 au 5. Hizo ni safari 20 hivi. Shemeji atakushauri utumie kirikuu chake ili pesa ibaki kwenye ukoo. Kirikuu, hata kikizidishiwa mzigo kama ilivyo desturi, hubeba nusu mita ya ujazo. Safari 180. Mshukuru shemeji, mpe soda.

Mwenye nyumba bahili atafanya ujanja mwingine: atachukua kipande cha boksi, ataandika KIFUSI KINAHITAJIKA na kukitundika getini. Kifusi kitakuja, tena cha bure, tena usiku. Asubuhi utakuta godoro, pempasi, matawi ya mkungu, nusu ya kochi na udongo kidogo wa kuficha aibu. Vitu vinavyooza huacha uwazi chini, na uwazi huo hufika juu siku moja kama shimo katikati ya bustani. Simama getini mwenyewe. Kila lori lifunguliwe ulione ndani kabla halijamwaga.

Mpangilio ni huu: vipande vya zege chini, kokoto juu yake, halafu kitambaa cha kuchujia ili udongo usipenye na kushuka. Kisha kifusi chenyewe, tabaka kwa tabaka, kila moja sentimita 20 hadi 30, linyunyiziwe maji kidogo na kushindiliwa kwa mashine kabla ya tabaka linalofuata. Fundi atapendekeza kukimwaga chote kwa mpigo na kukikanyaga kwa miguu. Mwambie hapana, kwa upole, kila siku. Nusu mita ya mwisho iwe udongo mzuri wa kupandia, uliorundikwa juu kidogo ya usawa wa ua.

Hatua ya 6: Subiri arobaini

Arobaini ya bwawa haihesabiwi kwa siku. Ni masika moja nzima. Udongo utatitia, hata ukishindiliwa na malaika. Mvua ikipita, jaza palipobonyea. Anayemwaga zege au kupanga vitofali vya pevingi wiki ya pili atavipanga tena mwakani.

Kipindi hiki ndicho kigumu kwa baba. Wageni watauliza, "Mzee, bwawa liko wapi?" Ajibu tu, "Tumelifukia." Asianze hadithi ya ukarabati mkubwa unaosubiri vifaa kutoka Dubai.

Hatua ya 7: Gawa mirathi

Mita za mraba 50 zimerudi mikononi mwenu, na kila mmoja ana ndoto yake. Kijana anataka gereji ya gari ambalo hajalinunua. Binti anataka kibanda cha makuti chenye taa za kuningʼinia, apigie picha. Shangazi, ambaye hakai hapo, anashauri vyumba viwili vya kupangisha. Baba amefufuka na anaulizia bei ya chemchemi ya kurusha maji yenye simba wawili wa saruji.

Hapo ndipo familia nyingi hurudi zilikotoka, kwa sababu chemchemi, kibanda na ukoka unaokunywa maji kuliko watu vyote vinajengwa tena kwa ajili ya wageni. Tumia kipimo kimoja. Uliza: Jumanne ya kawaida, saa kumi jioni, bila sherehe wala mgeni, nani atakuwa amesimama hapa na anafanya nini? Kama jibu ni "hakuna", futa.

Kwa kipimo hicho vyumba vya shangazi vinaanguka, labda kama mliondoa zege lote na mhandisi akaukagua udongo. Gereji inasubiri gari. Kinachobaki si cha kujivunia: migomba michache upande uliokuwa na kina kirefu, ambako unyevu hukaa, matuta ya mchicha na matembele, mlimao mmoja, na kipande kikavu cha kuwekea viti na jiko la mkaa. Jumanne saa kumi, dada wa kazi anachuma mboga, watoto wanacheza mpira na hakuna anayewapigia kelele watoke huko. Wakwe hawatapigwa butwaa, ila watakula.

Sharti la mwisho. Piga picha kila hatua, chora mchoro unaoonyesha bwawa lilipoishia na zege lililobaki chini, uhifadhi pamoja na hati ya kiwanja. Siku ukiuza nyumba, mwambie mnunuzi kabla hajalipa. Ukimficha atagundua mwenyewe atakapochimba msingi, na namba yako ya simu atakuwa nayo.