Mshauri Wenu Ajibu: Mwenye Laini Asiye Mwenyewe

*Mheshimiwa Mshauri, simu yangu imeibwa Tunduma. Nimewapigia huduma kwa wateja waifunge laini, wakasema mimi si mwenyewe, kwani ilisajiliwa kwa dole gumba la shemeji. Nifanyeje? — Wako mtiifu, Ichenjezya, Vwawa.*

Ndugu yangu, barua yako ilinifikia adhuhuri nikiwa kibarazani na finjani ya kahawa ya Mbozi mkononi, na kabla sijaimaliza, barua na wala si kahawa, nilikwisha kulipata jawabu, kwani Mola amenijaalia fahamu nyepesi, jambo ambalo majirani zangu hulikiri kwa kunyamaza.

Kule Ndolezi kipo kimondo chenye uzito wa takribani tani 12, kilichoshuka kutoka mbinguni pasipo kitambulisho, na hata leo hajatokea mtu wa kukidai tarehe ya kuzaliwa. Nami, niliyepata kupigwa picha nikiwa nimekiegemea, watazamaji wakashindwa kupambanua ni nani kati yetu mwenye uzito zaidi, nilidhani nitapewa taadhima kama hiyo nilipoipigia kampuni moja ya simu nisiyoitaja, nikamwambia binti aliyepokea, “Mwanangu, ni mimi.” Akajibu, “Wewe nani?” Suali hilo sikupata kuulizwa Vwawa tangu reli ya TAZARA ilipojengwa.

Akataka jina kamili, nikampa pamoja na lakabu zake zote. Akataka namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, nikaighani tarakimu zote 20 kama kasida, nikisahau kwamba nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na kwamba mama watoto, ambaye tangu siku ya posa nilimwambia umri mwingine, ameketi ubavuni pangu. Kisha akauliza, “Mara ya mwisho ulimtumia nani fedha?” Hapo, ndugu yangu, nikashikwa na kikohozi ambacho hakijapona mpaka leo.

Hata hivyo namsifu binti yule kwa adabu moja: hakuniuliza namba ya siri. Aulizaye hiyo, ijapokuwa sauti yake ni asali na anadai yuko makao makuu, ni mwizi, na ujumbe wake hupelekwa namba 15040 ili aripotiwe.

Sasa dawa. Kaa kwa shemeji siku saba, uvae koti lake, ukohoe kikohozi chake, ukaripie kuku wake, hata dada yako akuandalie maji ya kuoga bila kushtuka. Hapo utajibu kila suali kwa yakini. Kasoro ya dawa hii, niliyoiasisi mwenyewe, ni dole gumba, kwa sababu tangu tarehe 1 Mei 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole, na zilizokaidi zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020. Na dole la mtu, tofauti na koti, haliazimiki.

Nafasi inakwisha na finjani imekauka. Basi mpeleke shemeji dukani leo hii, pamoja na dole lake, laini ifungwe, irudishwe, iandikwe kwa jina lako. Kisha piga *106# uone namba yako ya NIDA imebeba laini ngapi. Mimi nilizikuta nne. Mbili zangu, moja ya mama watoto. Ya nne simjui mwenyewe, ila kwa mujibu wa daftari la serikali ndiye mimi.