Shangazi, Watoto Wamesoma Siku Nzima: Je, Niwapeleke Hospitali?

Barua za wiki hii nyingi zimetoka kwa wazazi wanaosomesha watoto wao nyumbani. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya Korona, kila mzazi aliuonja ualimu. Wengi waliutema, na siku ya kufungua shule wakamwamkia mwalimu kwa kupiga magoti. Wanaoniandikia mimi ni wale waliomeza. Nawajibu kwa mamlaka yote ya mtu ambaye hajawahi kuombwa vyeti.

*Shikamoo Shangazi. Nina watoto wawili, wa miaka mitano na minne, na nawafundisha mwenyewe nyumbani. Nimezoea kelele, penseli za rangi ukutani, na mdogo kukimbilia chooni kila nikisema "tuhesabu." Lakini Jumanne iliyopita mambo yalikwenda vizuri. Mkubwa alisoma neno zima peke yake. Mdogo alihesabu hadi ishirini bila kuiruka kumi na saba. Hakuna aliyelia, hata mimi. Walipolala niliwapima homa, hawana. Nimeambatanisha andalio la somo la siku hiyo ulione mwenyewe. Je, ni ugonjwa?* — Mama Wawili, Kigamboni

Marahaba, mwanangu. Ulifanya vyema kuwapima. Mtoto wa miaka minne akinyamaza dakika tano mfululizo, mzazi mwenye akili huenda kwanza kuangalia ndoo ya maji, kisha chupa ya mafuta, na mwisho ndipo hufikiria habari za elimu.

Andalio lako nimelisoma. Ni zuri kiasi cha kumridhisha mkaguzi yeyote: saa mbili irabu, saa mbili na nusu kuhesabu, saa tatu afya na mazingira, na kuendelea hivyo mpaka saa tisa alasiri. Sijui ulipanga kula saa ngapi. Lakini pembeni, kwa wino mwingine, umeandika maneno matatu: "Umeme umekatika. Chapati." Tiba yote imo humo.

Ngoja nikueleze kilichotokea nyumbani kwako, maana wewe ulikuwa na shughuli hukukiona. Televisheni ilizimika. Ukamwaga unga kwenye sinia ili usukume chapati, watoto wakausogelea, na ili wasikusumbue ukawaambia waandike *a, e, i, o, u* kwa kidole. Hapo ndipo shule ilipofunguliwa. Unga hauna mstari wa kuvuka wala karatasi ya kuchanika, na herufi ikipinda hufutwa kwa kiganja, haibaki pale na alama ya kosa ikimtazama mtoto mpaka jioni. Mkubwa akaandika *ba*, akarudia *ba*, akajisikia anasema "baba," akapiga kelele mtaa mzima ukajua. Lugha yetu imetupendelea hapo: irabu tano, silabi zinazosomeka kama zilivyoandikwa, na mtoto akishaikamata *ba be bi bo bu* mlango umefunguka. Mwenzake wa Uingereza bado anahangaika kujua kwa nini herufi moja ina sauti nne.

Kisha mkagawana chapati. Chapati nne, watu watatu. Mdogo akasema hiyo moja ni ya baba, mkubwa akasema baba hayupo, basi ikatwe. Ukaikata vipande vitatu huku wakikusimamia kama mawakala wa uchaguzi. Walimu wana neno lao, *kufaragua zana*, yaani kutengeneza vifaa vya kufundishia kwa vitu vilivyopo, na huenda kwenye semina zenye posho kujifunza jambo hilo. Wewe umelifanya bure na chapati umekula.

Sasa nisikilize kuhusu dozi, maana najua ulichofanya siku iliyofuata. Jumatano uliamka mapema, ukawasha televisheni uizime mwenyewe makusudi, ukamwaga unga, ukasema kwa sauti ya redio, "Haya watoto wangu wazuri, leo tutaandika herufi!" Wakarushiana unga. Umekiri mwenyewe kwenye nyongeza ya barua. Watoto wana pua ya kunusa mpango wa mtu mzima, na ukishanuswa umekwisha.

Kwa hiyo punguza. Kwa umri huo robo saa ya kuketi kitako inatosha, tena asubuhi, baadaye uwaache wakufuate kwenye kazi zako. Na kwa hesabu nakuandikia bao. Si lile la wazee wa barazani lenye namua na maneno makali. Nataka *bao la kujifunza*, ambalo kete zote huwekwa ubaoni tangu mwanzo: mashimo 32, kila shimo kete mbili. Mwulize mkubwa zimekuwa ngapi. Atahesabu moja moja hadi 64 na utachelewa sokoni, lakini siku atakapogundua kwamba anaweza kuhesabu mbili mbili, usimwambie kuwa hiyo ni hesabu. Huna ubao? Uko Kigamboni, mwanangu, chimba mashimo mchangani. Komwe zikikosekana tumia kokoto, ila umtazame mdogo asizimeze.

*Shangazi, mimi ni baba, naishi Morogoro. Kijana wangu wa miaka sita ameniaibisha. Nilimfundisha kusoma saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa kwenye saba, nikamwambia ni saa moja asubuhi. Akasema nimekosea. Nikashikilia. Akaenda kumwita mama yake aje kuwa shahidi, na mama yake akacheka. Heshima yangu naipataje?* — Mwalimu Aliyedharauliwa

Mtoto wako ana haki, nawe una haki, na mama ana haki ya kucheka. Saa hiyo imechorwa na watu wanaoanza kuhesabu usiku wa manane, wakati sisi tunaanza jua linapochomoza. Kwetu hapa karibu na Ikweta hilo halina taabu, kwani jua hutoka karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, likichelewa ni kidogo. London mwezi wa Desemba watu wanakaribia kumaliza chai jua bado halijatoka, wangehesabuje kwa jua?

Heshima yako iko kwenye mkia. Mwambie kijana asitazame ncha ya mshale mfupi, atazame upande wa pili, unakoelekea mkia. Ncha ikiwa kwenye saba, mkia uko kwenye moja. Ncha kwenye tisa, mkia tatu. Ncha kwenye kumi na mbili, mkia sita, na chakula kiwe mezani. Kama mshale wa saa yako ni mfupi hauna mkia, laza kijiti katikati ya uso wa saa. Mwache aupime mwenyewe siku nzima. Atakutangazia muda kila baada ya dakika mbili mpaka utamani saa isimame.

Baada ya hapo atakuja na simu yako yenye tarakimu tupu, zisizo na mkia. Hapo ni kutoa sita. Ikiandika 10, toa sita, saa nne. Ikiandika 3, sita haitoki, basi ongeza sita, saa tisa. Umepata kutoa na kujumlisha bila kununua daftari. Na mama akicheka tena, mwulize yeye ikiandika 5 ni saa ngapi, kisha uhesabu sekunde.

*Shangazi, niko Likoni, Mombasa. Nasomesha wanangu nyumbani, wa miaka saba na mitano, na wanaendelea vizuri. Taabu yangu ni mavyaa. Kila akija hukaa barazani akawaambia majirani kwamba wajukuu wake "wamefichwa ndani." Juzi alimletea mkubwa sare ya shule aliyoishona kwa pesa zake.* — Mke wa Mwanawe

Sare ipokee, ushukuru. Kitambaa kizuri hakitupwi.

Kisha tusitaniane: mavyaa si mgomvi mtupu, hoja anayo. Kenya ina Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, nayo imempa mzazi wajibu wa kumwandikisha mtoto shule na kuona anahudhuria. Nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ujue umesimama wapi kabla jirani hajakwenda kukuulizia. Hapo sina mzaha.

Ama mavyaa mwenyewe, mwajiri. Mwombe aje mara moja kwa juma awafundishe wajukuu kusuka ukili. Mtoto anayesuka ukili huhesabu bila kujua, akikosea miali msuko wote unamwambia, na hakuna anayemgombeza. Jioni awategee vitendawili. Baada ya mwezi utamsikia barazani akiwaeleza wale wale majirani kwamba shule za siku hizi hazifundishi kitu, na kwamba wazo la kuwasomesha nyumbani lilikuwa lake.

*Shangazi, tunaishi Hamburg. Nataka kumtoa mwanangu shule nimfundishe mwenyewe, ajue Kiswahili.* — Mama wa Ughaibuni

Mrudishe darasani leo hii. Ujerumani imekataza, na wazazi walioipeleka mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2006 waligonga mwamba. Kiswahili mfundishe jikoni baada ya shule. Ukitaka akijue upesi, usimjibu akiomba chakula kwa Kijerumani.

*Shangazi, naandikiwa na dada. Nina miaka sita. Mama amekuwa mwalimu. Asubuhi anagonga sufuria kwa kijiko, tunafanya mchakamchaka kuzunguka makochi, kisha nasimama mstarini peke yangu ananikagua kucha. Nikimwita Mama anasema hapa niite Mwalimu. Darasa zima ni mimi. Muhula uliopita nilikuwa wa pili.* — Kiranja

Pole, mjukuu wangu. Kwanza dai kuonyeshwa aliyekuwa wa kwanza. Kama ni paka, aletwe asome mbele yako.

Pili, shule inayo mapumziko. Saa nne sema kwa adabu, "Mwalimu, naomba kwenda kumwona Mama." Akikuruhusu, nenda chumba cha pili ukae. Atakufuata mwenyewe, maana atakuwa hana mwanafunzi. Hapo mwombe maandazi, umsaidie kuyakata, na umwambie upande wa shule tutaendelea kesho.

Akiuliza ni nani aliyekufundisha maneno haya, mwambie hukufundishwa, umeyasoma gazetini. Kama ulisomewa na dada, basi jifunze kwanza mstari huu mmoja, uusome mbele yake kwa kidole, taratibu, usiruke neno. Maandazi utapata na sukari juu.