Nambari na Chewa wa Newfoundland

Wataalamu wa Kanada, baada ya serikali yao mwaka 1977 kujitwalia mamlaka ya uvuvi baharini hadi maili 200 kutoka pwani, walitumia modeli ya hesabu kuwakadiria chewa wa Newfoundland, nayo modeli hiyo, ambayo kwa adabu ya nambari haikuwa na ila, iliwabashiria neema tele. Sehemu kubwa ya chakula chake ilikuwa takwimu za meli kubwa za kukokota nyavu. Na kwa kuwa meli hizo zina ala za kumsaka samaki popote alipojikusanya, zilijaza ngama hata pale chewa walipokuwa wakitoweka, hesabu ikasadiki kuwa bahari imefurika. Wavuvi wa mashua ndogo za pwani, waliopata samaki haba tena wadogo, walilalamika. Lakini malalamiko, maskini, hayana desimali. Julai 1992 uvuvi wa chewa hao ukapigwa marufuku, kwa miaka 2 tu, ilisemwa, na marufuku ikapita miaka 30. Miradi ya modeli za namna hii inapotathminiwa, aghalabu huulizwa ripoti ngapi zimechapwa na warsha ngapi zimefanyika. Na kwa mizani hiyo, wallahi, modeli ya Newfoundland ingefuzu kwa daraja la kwanza, maana chewa hawaalikwi kwenye tathmini.