Abiria wa Tambi

Ukitaka Mmarekani aupende usafiri wa umma, ng'oa magurudumu, kata waya wa umeme, liingize behewa zima ndani ya ghala, panga sahani, kisha mwambie asubiri saa nzima. Atasubiri. Tena atasubiri huku akicheka na wanawe. Mtu huyohuyo ukimwambia basi limechelewa dakika saba, anaita teksi, na njiani anamwandikia diwani barua ya malalamiko.

Nayasema haya kwa uchungu wa mtu asiye na gari. Huku tunakoishi, mtu mzima asiye na gari huulizwa kwa sauti ya upole kama ana kesi. Sina kesi. Nina kadi ya basi, nina viatu vya theluji, na nina subira niliyofunzwa na kituo cha Mwenge, Dar es Salaam, enzi za kugombania daladala za jioni. Kwa hiyo mke wangu aliponiambia kwamba siku ya kuzaliwa ya mtoto wetu tutaisherehekea ndani ya tramu, niliuliza swali ambalo abiria yeyote angeuliza: inakwenda wapi? Akasema haiendi popote, imo ndani ya mgahawa.

Mtindo huu si mgeni. Mwaka 1969, Guss Dussin na mkewe Sally walifungua mgahawa mjini Portland, jimbo la Oregon, wakauita The Old Spaghetti Factory. Tambi zilikuwa za bei ya kawaida, na Sally alikuwa na jicho la kukusanya vitu vya kale. Vitanda vya shaba viligeuzwa viti vya kulia, taa za vioo vya rangi zikaning'inizwa, na tramu ikawekwa ndani na kupangwa meza. Watu wakafurika kula tambi za siagi iliyokaangwa mpaka ikawa kahawia, zilizonyunyiziwa jibini kavu ya Kigiriki iitwayo mizithra. Mwaka 1970 ukafunguliwa mwingine wa jina hilohilo Vancouver, Kanada, katika mtaa wa Gastown, na humo mna tramu namba 53 iliyoundwa mwaka 1904. Mwaka 1972 Dallas nayo ikapata Spaghetti Warehouse, na tramu yake ndani. Tangu hapo, ukiona ghala la matofali mekundu linanukia kitunguu saumu, usiulize kama tramu ipo. Uliza foleni yake inaanzia wapi.

Mgahawa tuliokwenda sisi ni mwingine kabisa, na jina lake silitaji kwa sababu mke wangu bado anataka turudi. Binti wa mlangoni alitupokea vizuri. Akasema meza za ukumbini zipo, hata sasa hivi tunaweza kukaa. Ila tukitaka tramu, itabidi tusubiri saa moja na robo. Nikatupa jicho ukumbini. Meza pana, viti vyenye mito, mwanga wa kutosha kusoma bei. Nikapendekeza ukumbini. Nikashindwa kwa kura, na hapakuwa na mahali pa kukata rufaa. Binti akanikabidhi kile kidude cha plastiki kinachowaka taa na kutetemeka zamu yako ikifika, nikakaa nacho mapajani nikingoja kuingia ndani ya gari lisilo na magurudumu, wakati nyuma yangu viti vyenye mito vimekaa bure.

Hapo ndipo nilipokisoma kibao kilichopigiliwa ubavuni mwa tramu. Kilieleza njia iliyokuwa ikipita miaka hiyo. Ilikuwa inapita barabara ileile ninayosimama mimi asubuhi kungoja basi, mikono mfukoni, pua imekufa ganzi. Kumbe usafiri wangu haujachelewa. Umeshafika zamani, umeegeshwa ndani kwenye joto, na unauza tambi.

Namna usafiri huo ulivyoishia humo ni kisa kilichofika mpaka mahakamani. Kulikuwa na kampuni iliyoitwa National City Lines, iliyokuwa ikinunua kampuni za usafiri katika miji mingi ya Marekani. Tramu zikitoka, mabasi yanaingia. Waliotia fedha zao humo ni watu ambao wasingelia tramu zikifa: General Motors muuza mabasi, Firestone muuza matairi, Standard Oil ya California muuza mafuta. Mwaka 1949, mahakama ya shirikisho mjini Chicago iliwatia hatiani kwa kula njama ya kuhodhi biashara ya kuziuzia kampuni hizo za usafiri mabasi, matairi na mafuta. Shtaka la kula njama ya kuuhodhi usafiri wenyewe wakaliponyoka. Kampuni zikatozwa faini ya dola 5,000 kila moja. Mhazini wa General Motors, bwana H. C. Grossman, yeye binafsi akatozwa dola 1. Dola moja! Kwenye mgahawa huu wa kwetu, dola moja hainunui hata kile kipande cha mkate kilichobaki kikapuni.

Lakini nisiwatwishe wao mzigo wote, maana tramu zilikuwa zinaumwa kabla wao hawajaja na dawa yao. Miji mingi ilizibana kampuni za tramu kwa mikataba ya nauli ya senti 5, miaka nenda miaka rudi, hata baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mishahara na bei zilipopanda. Tena mikataba mingi iliwalazimisha kuitengeneza barabara pale reli zilipopita. Basi magari ya watu binafsi yakaja yakatembea bure juu ya lami iliyolipiwa na tramu, na yakasimama mbele yake kuizuia. Yaani umlipie mshindani wako barabara, halafu akusimamie katikati akipiga honi. Hata kule Dar, ambako nimeona mengi barabarani, uonevu wa namna hiyo ungezua ugomvi.

Vancouver ilizizika tramu zake mwaka 1955, Los Angeles mwaka 1963. Vyuma viliuzwa kama skrepa. Mabehewa mengine yaliuzwa kwa bei ya kutupa, watu wakayafanya vibanda vya likizo, stoo na mabanda ya kuku. Vancouver walirundika mengi chini ya daraja la Burrard wakayachoma moto. Halafu kizazi kile kile kilichoshangilia basi jipya kikazeeka, kikaanza kuwasimulia wajukuu jinsi tramu ilivyokuwa tamu, na wajukuu wakaanza kupanga foleni ya tambi.

Kidude kikatetemeka. Tukapanda.

Nataka mnielewe: tramu yenyewe ni nzuri. Dari la mbao limepakwa vanishi mpaka unajiona uso. Mikanda ya ngozi ya kushikilia bado inaning'inia. Viti ni vya henzirani iliyosukwa, na migongo yake iliundwa igeuke, kwa sababu gari la namna hii lilikuwa na sehemu ya dereva kila ncha. Likifika mwisho wa njia haligeuzwi. Kondakta alipita katikati akiisukuma migongo ya viti mmoja baada ya mwingine, ta, ta, ta, na abiria wa safari ya kurudi wakakaa wanatazama mbele. Nilijaribu kuugeuza wa kwangu. Haukusogea. Nikainama kuchungulia: umekazwa kwa skrubu mpya zinazong'aa, ili nusu ya wateja wale wakitazama mbele na nusu wakitazama nyuma. Mimi nilipangiwa nyuma. Kichefuchefu cha safari nilikipata, safari sikuipata.

Sasa, behewa la tramu za zamani lina upana wa kama mita mbili na nusu, kuta zikiwemo. Humo weka meza kushoto, meza kulia, viti, njia katikati, halafu mtie mhudumu mwenye trei ya sahani sita za moto. Kila alipopita nilibana magoti, nikavuta tumbo, nikainua kiwiko bila kuambiwa, kwa ile nidhamu ya mtu aliyelelewa na makondakta wa kipanya, ile daladala ndogo. Mke wangu akaniambia niache kujikunyata, hii ni hoteli. Nikamwambia mwili haujui tofauti, mwili unasubiri kumsikia konda: "nyuma kweupe!"

Dirishani, mahali ambapo abiria wa zamani aliona maduka na mvua, mimi niliona baba mwingine kwenye meza ya ukumbini, amenyoosha miguu, amemaliza kula. Alikuja baada yetu.

Kijana wa kuhudumia alifika na bashasha zake. "Karibuni kwenye tramu! Leo tunasafiri kwenda wapi?"

"Mwenge," nikamjibu.

Akacheka, akaandika. Sijui aliandika nini, lakini kililetwa na kilikuwa na uyoga. Nilikula. Mimi nimekulia tambi za futari, za sukari, iliki na zabibu kavu. Tambi yenye jibini naipa nafasi ya kujieleza, ila bado haijanishawishi. Wakati huo mwanangu alikuwa ameigundua kamba ya kengele. Enzi hizo kengele mara moja ilimwambia dereva asimame kituo kinachofuata, mara mbili ilimwambia ondoa gari. Akapiga mara mbili. Kimya. Akapiga tena mara mbili. Watoto wa meza nyingine wakaiona siri, na kwa robo saa iliyofuata tuliondoka kituoni mara nyingi kuliko tramu ile ilivyofanya uhai wake wote, bila kulivuka hata zulia.

Bili ilipokuja, kimashine kiliniuliza bakshishi niipendayo: asilimia 18, 20 au 25. Konda wa daladala alikuwa anabaki na chenji yangu bila kuniuliza, na nilimwona mwizi. Leo namwona alikuwa na bei nafuu.

Mke wangu, ambaye hupenda kunichokoza nikishashiba, akauliza kwa nini Dar hakuna mjasiriamali wa kufanya hivi. Kipanya kimoja katikati ya ukumbi, Buguruni, chenye meza. Nikamwambia mteja wa Dar hakubali kulipa zaidi akae mahali ambapo asubuhi alipigana atoke. Au mwenye hoteli afanye kwa uaminifu: wateja wanne kwenye kiti cha watatu, mmoja amesimama ameinamisha shingo, sahani inapita mkono kwa mkono mpaka nyuma, na konda anapiga bodi kwa kiganja: "Aliyeagiza wali maharage asogee, wa chipsi apite!" Hapo ningelipa.

Mombasa ndiyo ina haki zaidi ya kuota ndoto hii, maana mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na vigari vyake vya reli mitaani: reli nyembamba, kibenchi, kitambaa juu cha kuzuia jua, na badala ya umeme, watu. Waafrika wakisukuma kwa miguu, na ofisa wa kikoloni amekaa na kofia yake. Siku mwenye hoteli mmoja akikifufua kigari kile akiweke ukumbini kwa ajili ya watalii, nitataka kujua wale wa kusukuma atawaweka wapi. Ingawa jibu nalijua. Atawapa trei.

Wapo waliojaribu kuunganisha mambo mawili, kula na kwenda. Melbourne, Australia, ilikuwa na tramu ya kulia chakula iliyozunguka mjini kweli, kuanzia mwaka 1983. Mwaka 2018 ikazuiwa isiendelee kupita kwenye reli, kwa sababu za usalama. Ndivyo dunia ilivyo: tramu ikitulia inaitwa urithi, ikijikongoja inaitwa hatari.

Portland peke yake ndiyo inayonichanganya. Mji uleule wa akina Dussin ulijenga reli mpya ya tramu na kuifungua mwaka 2001, na baadaye reli hiyo ikarefushwa mpaka karibu na mgahawa wao wa kando ya mto Willamette. Shemeji yangu anakaa huko. Ananiambia kwenye simu, bila haya, kwamba Jumapili anapanda tramu inayokwenda, anashuka, anatembea kidogo, anaingia kwenye tramu isiyokwenda, anakula, kisha anarudi kupanda inayokwenda.

"Ipi bora, shemeji?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Ile inayokwenda unalipa nauli, unakaa, unafika. Isiyokwenda unalipa mara kumi ya hapo, unaongeza bakshishi, unakaa saa mbili umebanwa, na ukishuka uko palepale ulipopandia."

Nikamwambia hiyo ya pili tulikuwa nayo kwa miaka mingi, kwenye foleni ya Ubungo, Dar, saa kumi na moja jioni, ila sisi hatukuwahi kuletewa aiskrimu.